Hodi Kwenye Pazia la Leba

Mwanafunzi wa ukunga anayetoka Ulaya kuja fildi Tanzania huwa na kijitabu mkobani, na ndani ya kijitabu kuna namba. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 kuhusu kutambuana kwa taaluma linamtaka azalishe kwa mikono yake wanawake 40 kabla hajaitwa mkunga. Wasipopatikana, anaweza kuishia 30, mradi asaidie katika uzazi mwingine 20. Kuna pia wajawazito wa kuwapima mara 100, na wazazi 100 wa kuwaangalia pamoja na vichanga vyao. Katika nchi ambazo familia nyingi zina mtoto mmoja au wawili, na wanafunzi wa udaktari nao wanasubiri nje ya chumba kilekile, namba hizo huchelewa kutimia. Ndipo watu hutazama kusini, ambako leba haikosi mtu usiku wala mchana.

Nimefundisha ukunga muda mrefu, na kijitabu hicho kinanitia hofu kuliko ugeni wa lugha au wa mila. Lugha hujifunzwa, mila huulizwa. Lakini mwanafunzi aliyebakiza wanawake sita wa kuzalisha na wiki moja ya kukaa nchini ataingia leba akiwa na haraka, na mwenye haraka hamuoni mtu aliyelala kitandani. Anaona namba ya thelathini na tano. Mwanamke wa Muheza hakuja hospitali na uchungu wake ili kuziba pengo la vyuo vya Ulaya. Amekuja kujifungua.

Kwa hiyo nilipoombwa kuwasindikiza wasichana wawili wa Kiholanzi kutoka Tanga mjini hadi Lushoto, nilikubali kwa sharti kwamba hapa kwetu hawatahesabu. Chuo chao kilichukua muda kujibu, kisha kikakubali: watakayoyaona na kuyafanya watayaandika kama masimulizi ya kujifunza, na hakuna uzazi wa Tanga utakaoingia kwenye ile hesabu ya 40. Tukaongeza wanafunzi wetu wawili katika msafara, msichana wa Pangani na kijana wa kiume wa Handeni, ili kila mgeni awe na mwenyeji wa rika lake. Mkoa wa Tanga niliuchagua mwenyewe, na sababu nitaieleza tukifika Muheza.

Tanga mjini hatukukanyaga leba. Wageni walitamani kuanza kazi asubuhi ya kwanza. Niliwapeleka Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, barazani kwa mkunga mstaafu ambaye vijana wengi wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akawatazama wale wasichana kwa utulivu, kisha akaanza.

"Wanangu, mnajua kuuliza mimba ya ngapi?"

Wakasema wanajua. Ndilo swali la kwanza kwenye kadi, Uholanzi na Tanzania.

"Basi hilo ndilo mliache kwanza."

Akawaeleza. Swali hilo ni la lazima, maana aliyezaa mara saba ana hatari ya kutoka damu nyingi, na aliyefanyiwa upasuaji ana hatari nyingine. Lakini likiulizwa kwa sauti katika wodi yenye watu, mwanamke analazimika kuhesabu maiti wake mbele ya wageni. Pengine ana mimba iliyotoka kabla ya ndoa hii, na anayemshikia beseni pale kando ya kitanda ni wifi yake. "Atakudanganya," bibi alisema, "na utaandika uongo, na uongo huo unaweza kumuua." Kwa hiyo anza na salamu. Muulize alikotoka, kama amekula, nani amemleta. Mtume wifi akalete maji ya moto. Sogea, inama, shusha sauti, ndipo uulize.

Nimekaa kwenye semina nyingi za huduma zenye staha, lakini sijapata kusikia jambo hili likielezwa vizuri kama lilivyoelezwa barazani pale. Watu hudhani kuheshimu utamaduni ni pambo linalowekwa juu ya utabibu baada ya utabibu kukamilika. Bibi alikuwa anafundisha namna ya kupata historia sahihi ya mgonjwa. Asiye na adabu hapati ukweli, na bila ukweli dawa hutolewa kwa kubahatisha.

Aliwafundisha mengine pia: kumwamkia mtu mzima kabla ya kumgusa, kutomsifia mtoto bila kusema mashaallah, kutopiga picha, hata mama akiruhusu, kwa sababu kitandani pale mama huruhusu mambo mengi kwa kuogopa kuudhi. Simu zao zilikaa kwangu kila tulipoingia wodini. Akawakaririsha maneno ya kusema kila wakifika kwa mama mpya: "Naitwa fulani. Mimi ni mwanafunzi wa ukunga, si daktari. Ukipenda nitakaa nawe pamoja na mkunga wako. Ukikataa, utahudumiwa vilevile." Walirudia mpaka ndimi zikalainika. Kabla ya maneno hayo, hodi, kwa sababu pazia la leba ni mlango, na mlangoni kwa mtu hupiti kimya.

Maneno "si daktari" yana uzito wake. Mama wa kijijini akiona ngozi nyeupe na koti jeupe, moyo wake unamwambia daktari bingwa amefika. Nimeshaona katika hospitali moja, sitaitaja, mama akimwita msichana wa miaka ishirini "daktari", akimwachia mwili wake wote, na msichana yule asimsahihishe. Ridhaa iliyotolewa kwa daktari ambaye hayupo si ridhaa. Nimeona pia mwanafunzi mgeni akipewa sindano na uzi amshone mama aliyeongezewa njia, kazi ambayo kwao asingeruhusiwa kuifanya bila mwalimu kusimama kando yake. Waliompa walidhani wanamkirimu, naye aliona amepata bahati. Mama aliyeshonwa hakuulizwa.

Kutoka Tanga hadi Muheza si mwendo mrefu, na ulikuwa msimu wa machungwa. Yamepangwa kando ya barabara mafungu kwa mafungu, mengine kwenye nyavu, na basi likisimama madirisha hujaa mikono. Wageni walinunua mengi kuliko tulivyoweza kula. Tuliyobaki nayo tukawapelekea wauguzi wa zamu.

Sasa ile sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walifanya kazi katika wilaya za Muheza na Korogwe, katika mradi ulioitwa Staha. Walitaka kupima jambo ambalo kila mwanamke wa nchi hii alilijua na hakuna aliyekuwa amelihesabu: ni wangapi wanaofokewa, wanaotukanwa, wanaopigwa makofi ya mapaja, wanaoachwa wajifungue peke yao. Wanawake walipohojiwa wakitoka hospitalini, asilimia 19 walisema walitendewa hivyo. Baadhi yao walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Tofauti ya namba hizo mbili ni ya kutafakari. Mwanamke yuleyule, swali lilelile. Getini anameza, nyumbani kwake anasema.

Watafiti hawakuishia kuhesabu. Wananchi na watumishi wa afya walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma, kila upande na wajibu wake, kisha watumishi wakaamua wenyewe wabadilishe nini. Waliweka mapazia. Walitafuta chumba cha faragha cha kumpokea mama, asivuliwe na kuulizwa mbele ya kila apitaye. Walibandika ubaoni orodha ya vifaa vilivyoisha, ili ndugu wajue hakuna anayewaficha glovu. Wakawawekea chai watumishi wa zamu ya usiku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kudharauliwa au kunyanyaswa ulipungua kwa asilimia 66.

Chai, kwa mtu aliyesimama tangu magharibi akiwa na wanawake wanane na msaidizi mmoja. Niliwasimulia wageni habari hii tukiwa bado ndani ya basi, kwa sababu nilitaka wafike wakijua kwamba hawaleti heshima Muheza. Heshima ilikuwa imeshafanyiwa kazi hapa, na watu wa hapa, kwa kitambaa na birika. Mmoja wa viongozi wa utafiti ule alikuwa Dokta Godfrey Mbaruku wa Ifakara, ambaye zamani, akiwa hospitali ya mkoa wa Kigoma, aliongoza juhudi zilizoshusha vifo vya uzazi hospitalini hapo kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, bila fedha nyingi na bila mitambo ya ajabu. Mwanafunzi anayekuja kujifunza ukunga Tanzania anastahili kufundishwa jina hilo kabla hajafundishwa jina la mlima Kilimanjaro.

Kituoni tulipofika, mama wa kwanza alimkataa kijana wetu wa Handeni. Alifanya hivyo kwa upole, akigeuzia uso ukutani: hakutaka mwanamume. Kijana akasema, "Sawa mama, nakuombea salama," akatoka. Wa pili akamkataa mgeni. Alisikiliza yale maneno yote aliyokaririshwa, akamtazama inchaji, msimamizi wa wodi, akauliza, "Kweli nikikataa nitahudumiwa?" Inchaji akamjibu kweli. "Basi nakataa." Yule binti wa Kiholanzi alisema asante, akafunga pazia nyuma yake.

Jioni alikuja kuniuliza kama alikosea kutamka. Nikamwambia alitamka vizuri. Ndiyo maana mama alielewa kwamba anaweza kukataa. Kukataliwa kule, kwangu mimi, ndiko kulikoipa safari yetu maana. Mwanamke aliye kwenye uchungu, katika kituo cha serikali, alimwambia mzungu hapana, na hakuna aliyenuna. Kama tungekuwa tunahesabu, binti yule angekuwa amepoteza namba, na huenda inchaji kwa huruma angemwambia mama, "Hebu mwache mtoto wa watu ajifunze." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi. Yanatoka kwenye ukarimu wetu, lakini mgeni anakirimiwa kitu ambacho si chetu.

Mama mwingine, wa makamo, aliwakubali wote wawili, mgeni na msichana wa Pangani, akawa anawashika mikono huku na huku kila uchungu unapopanda. Alijifungua alfajiri. Mkunga wa zamu alimweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kama inavyotakiwa kwa saa nzima ya kwanza. Baba alikuwa nje, anasubiri kumwadhinia mwanawe. Mgeni akanitazama. Nilijua anachowaza: mtoto atolewe nje apelekwe kwa baba, au baba asubiri? Vitabu vyake vilimpa jibu moja na adabu ikampa jingine.

Mkunga wa zamu hakuliona hilo kama tatizo hata kidogo. Alimfunika mama kanga mbili mpaka shingoni, akamtaka idhini, akamsogezea baba kiti upande wa kichwani ambako haonekani mtu mwingine. Baba akaingia akiwa ameinamisha macho, akainama, akaadhini taratibu kwenye sikio la kulia la mtoto aliyekuwa palepale kifuani, kisha akakimu kwenye la kushoto. Akamwambia mkewe hongera, akatoka. Ilichukua dakika chache. Kisha mkunga akauliza kuhusu kondo la nyuma: mnalichukua au tulizike hapa? Bibi wa mtoto akasema wanalichukua, na chombo alikuwa amekuja nacho. Wageni waliandika sana siku ile.

Korogwe ipo kwenye barabara kuu, nchi ya mkonge. Mashamba yamejipanga mistari mpaka chini ya milima; mmea huo aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kizazi baada ya kizazi cha vibarua kimeishi juu ya miiba yake. Joto la Korogwe mchana halina mfano. Tuliomba zamu ya usiku.

Hapa msongamano ulikuwa mkubwa zaidi, na ni haki kueleza kwa nini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81. Makadirio ya vifo vya uzazi katika tafiti hizo hizo yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Miaka yote tuliwaambia wanawake waje hospitali, nao wamekuja. Vitanda na wakunga havikuongezeka kwa kasi ile. Ndani ya chumba kama hicho, mgeni mmoja asiyejua glovu zinakaa wapi ni mzigo, na wageni sita ni balaa. Tulikuwa na wawili tu, tena kwa zamu: mmoja ndani, mwingine nje akisaidia kuchemsha maji na kukaa na ndugu.

Na kuna wanafunzi wetu. Jambo hili huzungumzwa kwa nadra, hivyo nalisema hapa kwa uwazi. Chuo chochote cha uuguzi na ukunga nchini kina wanafunzi wanaohitaji kuzalisha ili wahitimu, nao pia wana vitabu vyao. Mgeni aliyelipa ada kubwa ya fildi akifika, mara nyingi yeye ndiye anayesogezwa mbele kitandani, na mwenyeji, ambaye mwakani atapangiwa zahanati ya peke yake huko vijijini, anabaki nyuma akishika tochi. Mgeni atarudi kwenye nchi yenye helikopta na madaktari. Mwenyeji atakutana na mtoto aliyetanguliza makalio saa nane za usiku, mvua inanyesha, gari la wagonjwa liko mbali. Nani alistahili kuwa mbele? Kwetu utaratibu ulikuwa wazi: mikono ya kwanza ni ya mwanafunzi wa nyumbani, mgeni ni msaidizi, na mkunga wa kituo ndiye mwenye kauli.

Mwaka 2010 jopo lililoongozwa na John Crump na Jeremy Sugarman lilitoa mwongozo wa maadili kwa mafunzo ya afya yanayofanyika nchi za nje. Crump aliwahi kufanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo hakuandika kwa kuhadithiwa. Mwongozo unazitaka pande zote mbili, inayotuma na inayopokea, zinufaike kwa haki, gharama za mwenyeji zitambuliwe, na mwanafunzi asivuke kiwango cha ujuzi wake. Umekuwepo miaka yote hii, na bado nakutana na wanafunzi walioshushwa kwenye basi mbele ya hospitali bila mwalimu, bila neno la Kiswahili, na barua moja ya utambulisho.

Kati ya saa saba na saa tisa za usiku leba ilitulia kidogo. Msichana wa Pangani alikuwa anajaza patografu, karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu, ya mama aliyefunguka njia sentimita sita, na mgeni wake akasogea kutazama. Alifurahi kuona mistari anayoijua: mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Akauliza kama ilitoka Uholanzi au Uingereza. Nikamwambia ilitoka Afrika. Mistari ile miwili ilibuniwa na Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, na maandiko yao yalitoka mwaka 1972. Walikuwa na wakunga waliosambaa kwenye zahanati za mbali, na walitaka mkunga aliye peke yake aone kwa jicho, kwenye karatasi moja, ni saa ngapi amsafirishe mama kabla hajachelewa. Shida ya njia ndefu na wakunga wachache ndiyo iliyozaa karatasi hiyo, na leo wanawake wa dunia nzima wanalindwa nayo. Binti aliinama tena juu ya karatasi, akaiangalia kwa muda. Kisha akamuuliza mwenzake amwonyeshe anavyopima nguvu za uchungu kwa kiganja, bila mashine, maana kwao hospitalini mashine ndiyo inayosoma. Wakaomba ruhusa kwa mama. Mama akasema, "Njooni tu, lakini mkono wenu usiwe wa baridi."

Mombo ndipo barabara inapoacha uwanda na kuanza kupanda. Kwa yeyote ambaye hajawahi kupanda Usambara, nashauri akae dirishani upande wa bonde kama moyo wake unaruhusu. Kona moja inazaa nyingine, maporomoko ya Soni yanatokeza, hewa inabadilika kila baada ya dakika chache, na wauzaji wa machungwa wanabadilishwa na wauzaji wa peasi, karoti na kabichi. Wageni walifungua mabegi kutafuta masweta. Mimi mtu wa pwani nilijifunga kanga mbili juu ya koti na bado meno yaligongana.

Huko juu nilikuwa mgeni sawasawa na wao. Wodini tulimkuta bibi amemleta mjukuu wake aliyejifungua kabla ya miezi kutimia. Bibi alizungumza Kisambaa kitupu. Niliamkia kwa Kiswahili, akaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Wale wasichana wa Kiholanzi walinitazama kwa mshangao, kwani kwao nilikuwa Mtanzania, na Mtanzania hukosaje lugha Tanzania? Nilifurahi walione hilo kwa macho yao. Mwongozo wowote unaosema "utamaduni wa Tanzania" kana kwamba ni kitu kimoja, wa Ngamiani na wa Lushoto, wa mtu wa pwani na wa mtu wa milimani, unamdanganya msomaji.

Aliyetuokoa ni kijana wa Handeni. Kizigua chake na Kisambaa ni ndugu wa karibu, na alipoanza kuzungumza, bibi aligeuka mzimamzima. Hakuingia ndani ya pazia. Alivuta kiti akakaa upande wa pili, kinyume na kitanda, akatafsiri kupitia kitambaa, maneno ya bibi yakija huku na ya mkunga yakienda kule. Mtoto alikuwa mdogo, gramu zake hazikufika elfu mbili, na mkunga alitaka mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu. Bibi alikuwa na wasiwasi: kwenye baridi ile, mtoto avuliwe nguo?

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akamuuliza: zamani, mtoto njiti akizaliwa huku milimani, mlimfanyaje? Bibi akaeleza kwa kirefu habari za moto, nguo, na kulala naye mwilini. Kijana akamjibu kwamba hilo la kulala naye mwilini ndilo nesi analolitaka, tena usiku na mchana, na nguo zije juu yao wote wawili. Bibi akataka yeye naye awe anampokea mjukuu, ili mama apate kulala. Mkunga akasema inawezekana kabisa.

Mgeni mmoja alinong'ona kwamba njia hii aliiona katika wodi ya watoto njiti kwao. Ndiyo. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali ilipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto, na maambukizi yanawamaliza. Niliacha ajumlishe mwenyewe, Bogotá na Salisbury, na bibi wa Lushoto.

Kikao cha mwisho tulikifanya huko huko Lushoto, na mainchaji wa vituo tulivyopitia, wawili kati yao wakishiriki kwa simu. Walisema wanayoyataka kwa mwaka unaofuata bila kuzunguka. Wageni wasizidi wawili kwa wodi. Wakae muda wa kutosha, maana wiki mbili ni za kupoteza muda wa wenyeji. Waje na mwalimu wao, siyo barua tu. Wakileta vifaa, vipite kwa inchaji, asipewe mama mmoja glovu na mwingine akaangalia. Na lile la mwisho lilisemwa na inchaji wa Muheza: wetu nao waende. Kama kubadilishana ni kubadilishana, basi msichana wa Pangani akasome Uholanzi, na gharama za viza na nauli ziwemo kwenye bajeti ileile inayowaleta hawa. Tuliandika barua siku hiyohiyo, tukaituma kwa chuo chao. Hadi naandika makala hii wamejibu kwamba wanatafuta fedha. Nitaendelea kuwaandikia.

Kwenye basi la kurudi, wanafunzi wanne walikaa kiti cha nyuma, na masomo yakageuka. Msichana wa Pangani alikuwa na daftari gotini. Akiingia nyumba ya Mholanzi kumzalisha mama chumbani kwake, aanze na nini? Wakamwambia: piga kengele ya mlango, wape mkono wote waliomo, mtaje jina lako. Ukipewa kahawa, kunywa. Kitanda utakikuta kimeinuliwa juu ya vigingi ili mgongo wako usiumie. Mume atakuwepo chumbani, na ukimwambia atoke atashangaa sana. Mtoto akizaliwa, wageni watapewa biskuti zilizopakwa siagi na kunyunyiziwa peremende ndogo za anisi; usikatae. Mlezi wa uzazi atakuja nyumbani kila siku kwa muda wa siku nane hivi, amsaidie mama kunyonyesha na kumwogesha mtoto.

"Siku nane tu?" kijana wa Handeni aliuliza. "Na arobaini?"

Hakuna arobaini, walimwambia.

Msichana wa Pangani aliandika, akafikiri, akainua kalamu. "Mama mkwe je? Kitandani anakaa upande gani?"

Wakamjibu kwamba mama mkwe hayupo. Hupigiwa simu mtoto akishazaliwa, kisha hupangiwa siku ya kuja.

Hapo sehemu nzima ya nyuma ya basi iliingilia, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili miguuni, ambaye alitaka aelezwe vizuri nani anampikia mzazi uji. Tulipita Korogwe mjadala haujaisha, na tulipofika Segera ndiyo kwanza ulikuwa umepamba moto.